Uliza Yaya: Hii buku tuile na nini?

Mwezi uliopita niliandika mistari mitatu tu hapa, kwamba kwenye kikundi chetu cha kusoma Bukavu tumeacha biskuti na soda, siku hizi tunaweka mezani kitu kinachotoka ndani ya kitabu chenyewe. Mistari mitatu! Barua zikaanza kuingia, za Nguba, za Goma, za Lubumbashi, na moja ya mzee fulani anayeniuliza kama sina kazi ingine ya kufanya. Ninayo mzee wangu, subiri nitakujibu mwisho. Barua nimezipunguza kidogo ju zingine zilikuwa ndefu kuliko riwaya zenyewe.

IGNAMI INATOKA WAPI?

"Jambo yaya. Tuko bamama munane hapa Nguba, tunakutanaka jumamosi ya mwisho ya mwezi. Sasa tuko nasoma kile kitabu ya Achebe, ya Okonkwo, bamoja bako nayo mu Kifaransa, bengine fotokopi ya Kiswahili. Zamu ya kupokea batu ni yangu. Nilitaka kupika ignami juu kitabu muzima ni ignami, lakini mu soko ya Kadutu nimezunguka mpaka miguu imevimba, ile niliona ilikuwa kidogo na bei yake inatisha. Nifanye je?" – Mama Mapacha, Nguba

Mama Mapacha, pole na mizunguko ya Kadutu, ile milima na jua la saa saba nayajua mwenyewe. Sasa nikuambie: acha ignami, hivyo viazi vikuu. Si ju ya bei tu. Kwenye kile kitabu, Things Fall Apart, ignami si chakula, ni cheo, ni zao la mwanaume. Okonkwo akiwa kijana hana kitu anaenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu, anapewa mia nane, na mwaka ule kwanza jua linaunguza alafu mvua inakuja bila kipimo, mpaka mavuno yanafanana na msiba. Lakini Achebe hapo hapo anakutajia mazao ya wanawake, yale mama yake Okonkwo na dada zake walikuwa wanalima: mateke (magimbi), maharage na muhogo.

Umeona? Mateke, maharage, muhogo. Yani yale yote uliyoyapita ukitafuta ignami.

Weka hayo matatu mezani, mateke ya kuchemsha na chumvi, maharage, na fufu ya muhogo, na usiseme kitu mpaka mmoja wenu asome kile kipande kwa sauti. Alafu uliza mbona ignami ina sikukuu yake na muhogo hauna, na nyinyi nane hapo Nguba ni nani analisha nyumba. Kwetu tulikaa hapo masaa mawili, mabwana wawili tulionao kwenye kikundi walianza kuangalia saa, sura ya tano hatukuifika siku hiyo. Na kuna kisa kingine cha chakula msikiruke: kwenye Wiki ya Amani, wakati hairuhusiwi hata kumtolea jirani neno kali, Okonkwo anampiga mke wake mdogo ju alienda kusukwa nywele na hakurudi mapema kupika chakula cha mchana. Nywele na chakula cha mchana! Hapo hata yule mama anayekuja kunywa chai tu bila kusoma atakuwa na la kusema.

Fufu sasa. Usipike vipande nane vya mviringo kama vya hoteli. Kwenye sikukuu ya ignami mpya wanasimulia habari ya tajiri mmoja aliyewawekea wageni wake mlima wa fufu (yao ilikuwa ya ignami), mkubwa hadi waliokaa upande huu hawakuona wa upande ule, na ilifika jioni njo mmoja akamuona kwa mara ya kwanza shemeji yake ambaye aliingia wakati wanakula. Sisi watu wa fufu tunaicheka hii kuliko mtu yeyote ju tunaijua hamu yake. Basi fanya mlima mmoja katikati, mle kutoka pembeni mpaka muonane.

Kabla ya yote lakini, makasu, zile kokwa za kola za kutafuna. Kwenye kitabu mgeni haanzi kusema shida yake kabla makasu hayajaombewa na kukatwa. Nunua mawili tu, kwa wale wanaouzia wazee, katakata vipande vidogo, kila mtu atafune chake kabla hajafungua mdomo kusema kitu. Ni chungu, wengine watatema, waache wateme, utamu kidogo unakuja nyuma kwa wanaovumilia.

Alafu kuna panzi, na hapa sizungumzii mtaa wetu wa Panzi. Kwenye sura ya saba nzige wanashuka Umuofia, kwao Okonkwo, watu wanafurahi, wanawaokota, wanawachoma na kuwaanika juani, wanawala na mawese. Okonkwo amekaa nyumbani anawatafuna kwa raha na Ikemefuna, yule mtoto aliyeletwa kutoka kijiji kingine, na mwanaye Nwoye, pombe ya mchikichi iko inashuka, na ni hapo hapo, midomo ikiwa bado imejaa, mzee Ezeudu anaingia, anamuita nje, anamuambia yule mtoto ameamuliwa kuuawa, na yeye Okonkwo, anayeitwa baba na yule mtoto, asiwe na mkono ndani yake. Mimi sijui mwandishi mwingine aliyenifanyia hivyo, kunipa kitu cha kutafuna alafu kukigeuza mdomoni.

Nzige usihangaike nao, tumia sambaza, zile samaki za Kivu. Ni ndogo, zinaliwa nzima, zinalia kati ya meno, na mtu anazichukua kwa mkono bila kuhesabu. (Kuna mama aliniambia sambaza si "chakula cha asili", ni mgeni ziwani. Ni kweli samaki hii ililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini muhogo pia ulikuja na meli kutoka Amerika na leo unauita wa babu yako.) Zioshe na maji ya limau, zitandaze kwenye kitambaa zikauke kabisa, na narudia kabisa, ju zikibaki na maji mafuta yatakurukia usoni. Chumvi. Mafuta ya kawaida yawe moto mpaka ukitupa moja inapiga kelele mara moja, kaanga kidogo kidogo usijaze sufuria, toa zikiwa rangi ya majani makavu. Mawese usikaangie, ukiiunguza sana inapoteza ile rangi yake nyekundu na nyumba yote inanuka, ipashe moto pembeni na uinyunyize juu mwishoni. Alafu subiri. Usizilete na chakula kingine. Zilete mkifika sura ya saba, waache watu watafune na kucheka, msomaji mzuri kati yenu aendelee kusoma bila kusimama mpaka Ezeudu aingie. Utaona mikono inavyoacha kwenda kwenye sahani.

MEZA IMEKUWA MASHINDANO

"Yaya, kwetu Himbi shida si kitabu, ni meza. Tulianza na chai na karanga. Kisha moja akaleta kuku, ingine samaki muzima, mwezi uliopita mama moja alipika bintu saba na akakodisha biti. Sasa benzetu babili hatubaone tena, banasema bako na kazi mingi, lakini mimi najua ni juu zamu yabo inakaribia. Tuko na Peponi ya Gurnah na zamu imeniangukia mimi. Nitoke namna gani mu hii maneno bila kupatisha mutu haya?" – Mama wa Himbi, Goma

Mama, wewe umebahatika, kitabu kimekuja na jibu lako ndani. Wale ambao hawajakisoma: Gurnah alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994, akapata Nobeli 2021, na 2022 njo kikatoka kwa Kiswahili kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, kwa hiyo kwa mara moja hatuhitaji Kifaransa cha mtu. Kurasa za mwanzo kabisa, mtoto Yusuf ana njaa. Nyumbani kwao chakula ni cha kubahatisha. Lakini akija yule mfanyabiashara tajiri wanayemuita Ami Aziz, nyumba inabadilika: mchuzi wa kuku na mwingine wa nyama ya kusaga, wali wa Peshawar unang'aa kwa samli, una zabibu na lozi, mandazi na mahamri yanamwagika kwenye kikapu, mchicha wa nazi, na mwisho samaki mkavu aliyebanikwa kwenye makala ya moto yanayokufa. Mtoto anasimama pale harufu inampita puani. Na msomaji bado hajui, anadhani ni ukarimu tu. Baadaye njo unaelewa baba yake alikuwa anadaiwa na yule mgeni, na siku mgeni anapoondoka na Yusuf kwenye treni, Yusuf mwenyewe ni rehani ya deni.

Sasa soma tena barua yako. Vitu saba na viti vya kukodisha.

Fanya hivi. Usitangaze sheria, usiseme neno "uwezo" wala "hali ya maisha", ju ukisema hivyo wale wawili watajua umewasema wao na hawatarudi kamwe. Sema tu kwamba kitabu hiki kinataka kitu kimoja. Kitabu njo kimesema, si wewe. Na hicho kitu kimoja ni ule samaki wa mwisho kwenye orodha, ambao wasomaji wengi wanamruka. Chukua samaki mkavu, mchane vipande vyembamba, umuweke kwenye mbabula mwishoni kabisa, wakati makala yamefunikwa na jivu na hakuna tena moto wa kuonekana. Dakika chache tu, ngozi ikianza kujikunja geuza. Ukimuweka kwenye moto mkali atakuwa mchungu kama dawa. Kipande kimoja kwa kila mtu na andazi moja. Basi. Ile orodha ingine yote, wali na lozi na samli, muisome, msiile. Simama usome kwa sauti, polepole, watu wakiwa na andazi moja mkononi, nakuambia mate yatawajaa kama Yusuf, na hapo njo wataelewa kile ambacho mama wa bintu saba angekizika chini ya mchuzi.

Wale wawili wafuate mapema, kila mmoja kwa nafasi yake, mmoja mwambie "sauti yako nzuri, utasoma wewe", mwingine mwambie alete makala kidogo kwa ajili ya samaki. Mtu mwenye kazi kwenye mkutano anakuja.

Na kwa miezi ijayo muige likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu: kila mtu anatoa kiasi kile kile kila mwezi, kidogo, awe mke wa mkubwa awe muuza nyanya, mwenye zamu anapika kwa hicho tu na haruhusiwi kuongeza franka hata moja ya kwake. Huyo anayependa kuongeza njo atakusumbua, si yule asiye nacho. Kwetu tulikuwa naye mmoja, tukampa kazi ya kuchagua vitabu, ametulia.

TRAM 83 NA MICHOPO

"Jambo yaya. Siye tuko bavijana sita ya Kamalondo. Mwezi ilipita tulisoma Tram 83, mwandishi ni mutoto ya Lubumbashi, njo tukasema tuende kusomea mu bar juu buku yenyewe inapita mu bar. Yaya, musiki ilipanda, pombe ikakuya, hakuna mutu alifungula buku. Tunataka kurudilia. Tukule nini?" – Bavijana sita

Hahaha. Nyinyi hamkukosea kitabu, mlikifuata sana. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapo kwenu 1981, alikitoa 2014, kikapata tuzo ya Etisalat ya 2015, na ni kweli ndani yake mtu hawezi kumaliza sentensi mbili bila mwingine kumkata, kila mtu anauza kitu, kila mtu anakula na kunywa ameegemea. Lucien anataka kuandika na baa haimpi nafasi. Kwa hiyo mlichofanyiwa na ile musiki njo kile Lucien anafanyiwa, mngeanzia mjadala hapo mngetoka na kitu.

Mara hii anzeni uani kwa mmoja wenu, mbabula iko inawaka lakini nyama bado iko kwenye chumvi. Saa nzima ya kusoma na kubishana, na anayetaka kula kabla ya saa kwisha aoshe vyombo. Alafu michopo, mbuzi kwa mkono, kwenye karatasi, kitunguu kibichi na pilipili, mkiwa mmesimama. Kwenye kitabu wanakula mpaka nyama ya mbwa, nyinyi baki na mbuzi tafadhali, hakuna mtu atakayewapa tuzo. Na kwa yule wa sita ambaye nahisi ni mtu wa kanisa na hamkumtaja, wekeni munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ile iliyopikwa siku hiyo hiyo bado tamu, si ya siku tatu.

JE, KITABU CHA NJAA TUNAKIPIKIA?

"Yaya, tunasoma kile kitabu cha Adichie juu ya vita ya Biafra, kwa Kifaransa kinaitwa L'autre moitié du soleil. Nusu yake ni watoto wanaokufa na njaa. Kwenye kikundi chetu kuna watu waliokimbia vita zaidi ya mara moja. Ni sawa kuweka chakula? Na tusipoweka, si tutakuwa tunaigiza?" – Msomaji, Bukavu

Ndugu msomaji, hii barua niliisoma mara tatu, ju kitabu hicho mimi nilikipikia vibaya.

Ilikuwa kwangu. Nilijiona mjanja. Kitabu kinaanza na Ugwu, kijana wa kijijini anayeletwa kufanya kazi kwa mwalimu wa chuo kikuu, hajawahi kuona friji, anaifungua anakuta kuku wa kuchoma, anakula, alafu vipande vingine anaviingiza kwenye mfuko wa kaptula akiwaza dada yake aliyebaki kijijini. Nikasema basi kuku. Na wali mwekundu wa Kinijeria, na ndizi za kukaanga, meza ilijaa mpaka kitabu chenyewe niliweka chini. Tumefika kwenye vita, Julai 1967 mpaka Januari 1970, tunaongea juu ya wale watoto wenye matumbo makubwa na nywele nyekundu, kile ambacho huku Bushi bibi zetu walikuwa wanakiita bwaki na hawakuhitaji kitabu cha mtu kukijua. Na sisi tunaongea tunajilamba vidole.

Kati yetu kulikuwa na mama mmoja, mkubwa kuliko wote. Alikuwa amekaa karibu na dirisha. Sahani yake ilikuwa na ndizi tano, nilimpakulia mimi. Nikaona anachukua kipande cha karatasi, anafunga ndizi mbili polepole kama mtu anayefunga dawa, anaweka kwenye mkoba, anafunga zipu. Nikadhani anapelekea wajukuu, nikamwambia mama usijali nitakufungia zingine jikoni. Akasema hapana mwanangu, hizi si za mtu, mimi njo nafanyaka hivi, kila mahali nikikula lazima kitu kibaki, tangu barabarani. Akasema hivyo bila kuinua sauti, alafu akauliza tuko ukurasa gani.

Kurasa za Ugwu na mfuko wake tulikuwa tumezisoma saa moja kabla, tukazicheka.

Kwa hiyo jibu langu. Kwanza waulize wenyewe, mmoja mmoja, pembeni, si kwenye grupu ya WhatsApp ambapo kila mtu ataandika "sawa". Mtu akikuambia hataki, hakuna chakula na hakuna maelezo. Pili, msicheze njaa. Nimesikia kuna watu wanaweka sahani tupu mezani au wanagawa punje chache za mahindi ili wageni "wasikie". Kwa mtu aliyelala na njaa kwa kweli ule ni mchezo wa watoto, na wa kuudhi.

Ila kama wote wamekubali, kitabu chenyewe kina mpangilio wake, kimegawanywa vinne, kinaanza miaka ya 1960 mwanzoni wakati wa amani, kinaruka mwishoni mwa miaka hiyo kwenye vita, kinarudi tena nyuma kwenye amani, alafu kinamalizia vitani. Fuateni hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza, kuku kidogo, kipande kimoja kwa mtu, baridi, kama ule wa kwenye friji. Mkifika ya pili ondoa vyote, kitambaa pia, bila hotuba, meza ibaki mbao na vitabu. Sehemu ya tatu rudisha. Hapo njo utaona ajabu, kuku ni ule ule lakini watu wanamuangalia tofauti, ju wanajua kinachokuja na wale wa kwenye kitabu hawajui. Alafu ondoa tena. Mwishoni chai, ya moto, yenye sukari, na mtu asilazimishwe kuongea. Na weka karatasi za kufungia karibu na mlango mahali mtu anaweza kuchukua bila kuomba.

MAPISHI KUMI NA MBILI

"Yaya, mimi mwalimu wa Kadutu, nina Chocolat amer ya Laura Esquivel, kila sura ni mwezi na kila mwezi una mapishi yake. Tupike gani?"

Mwalimu, usipike hata moja. Kware wa maua ya waridi utamtoa wapi, na keki ya harusi iliyoingia machozi kwenye kitabu iliwatapisha wageni wote. Wewe chukua vitunguu. Tita, yule binti wa kwenye kitabu, anazaliwa jikoni, kwenye harufu ya vitunguu, analia hata kabla ya kuzaliwa, na machozi yake yakikauka chumvi yake inafagiliwa na kuwekwa kwenye gunia la kupikia. Mpe kila mtu kitunguu kimoja na kisu, wakate huku mnasoma sura ya Januari, alafu vyote viende kwenye sufuria moja na nyanya, mle na mkate. Yule atakayelia zaidi achague kitabu kinachofuata. Ni upuuzi kidogo, najua, lakini kile kitabu chenyewe kinapenda upuuzi, na ni bei ya vitunguu tu.

MZEE WANGU

"Kitabu kinasomwa kwa macho, si kwa mdomo. Hamna kazi?" – Mzee, Muhumba

Shikamoo mzee. Nusu nakupa. Kuna vitabu ambavyo mtu akiniletea chakula chake nitamfukuza, na kuna wanawake wawili kwetu wanaosoma nyuma ya jalada tu alafu wanakuja na hamu ya sambaza. Na mafuta kwenye kurasa ni kweli, fotokopi yetu ya Okonkwo ina kidole cha mtu kwenye sura ya saba mpaka leo, sasa tunaweka beseni na sabuni kabla ya kugusa kitabu chochote, cha kuazima hakiruhusiwi mezani kabisa.

Lakini jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tuna L'enfant noir ya Camara Laye, ya 1953, ambayo nadhani ulisomeshwa shuleni kama sisi wote, ile sehemu mtoto anaenda Tindican kwa bibi yake wakati wa kuvuna mpunga. Tutakuwa na wali mtupu wa Ruzizi, bila mchuzi. Tunamtafuta mtu anayejua mavuno ya mpunga kwa mikono yake, si kwa kitabu, atuambie mwandishi amesema kweli wapi na amepamba wapi. Saa nane. Kijiko uje nacho, vyetu havitoshi.